Asilimia Moja

Ililetwa imefungwa kwenye kanga, kama kitoto cha siku tatu,
na karani, Zuhura Namkulala, hakuiachia mpaka nilipofuta meza.
"Imeanza kugonga jana," akasema. "Inagonga, inagonga, halafu kimya."
Nikaichomeka, nikatega sikio.
Ko. Ko. Kwaruu. Ko.
Mtu anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Msimu mzima wa korosho umo humo ndani:
magunia, kilo, tarehe, wakulima mia tatu na kumi na wawili,
na malipo hayajatoka.
"Daftari?"
"Mchwa."
"Nakala?"
Akatazama sakafu yangu.

Mdogo wake ndiye aliyeshauri waitie kwenye friji.
Imelala humo usiku mmoja, kati ya vibua na barafu.
Sikumlaumu. Ukiwa na mgonjwa, kila mpita njia ni mganga.

Nikaikausha. Nikaielekezea feni mgongoni.
Diski mahututi huilazimishi.
Unaifanya kama mama alivyokuwa akiokota korosho kwetu Kitangari:
kwanza zilizo wazi, unapita haraka,
usibishane na zilizojificha chini ya majani.
Raundi ya pili unarudi na kijiti.
Ya tatu unapiga magoti.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Gesi yetu inapita ndani ya bomba kwenda kuwasha miji ya watu,
nami niko Newala, gizani,
naunganisha betri ya bodaboda ya jirani
huku tochi nimeiuma kwa meno.

Mwenyekiti alipiga simu. Mara mbili.
"Imekufa, siyo?"
Sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu anayeulizia saa ya maziko.
Nikamwambia inapumua.
Akakata bila kwaheri.

Siku ya tatu, ukungu ukiwa bado umelalia mabati,
zikaanza kutoka. Lakini bila majina:
faili la kumi na saba, faili la kumi na nane,
kilo, tarehe, kilo, tarehe,
kama vijana wanaorudi kutoka jandoni na majina mapya
na hakuna aliyetutajia.

Zuhura akawapigia simu wachache. Wakaja wote.
Wakajaa kibarazani, wengine wakabaki barabarani.
Mimi nasoma uzito, wao wanaitikia.
"Mia na themanini na nne? Yangu hiyo.
Gunia la pili lilitoboka, tukalishona kwa uzi wa wavu."
"Arobaini na moja na nusu, ndiyo mimi.
Ubwiri unga ulinimalizia maua, nani mwingine alete aibu kama hiyo?"
Bi Somoe Mchekenje hakuniacha hata nimalize tarakimu.
Alijua mpimaji alivaa shati gani,
na kwamba mizani ilianzia kwenye mbili badala ya sifuri,
na alisema, na wakamwitikia, na Zuhura akaandika.

Nikaona haya kidogo, mimi na feni yangu.

Jioni nikaandika ripoti:
asilimia tisini na tisa imeokolewa.
Niliipenda sentensi ile. Niliipigia mstari.

Hapo ndipo alipofika Kolumba Chitanda, kwa miguu, kutoka bondeni.
Mfukoni ana stakabadhi iliyofuliwa pamoja na suruali,
nyeupe, laini, haina hata kivuli cha namba.
Nikapekua. Nikapekua tena.
Kwenye tarehe yake diski inagonga tu: ko, ko.
"Kilo ngapi, unakumbuka?"
"Sikumbuki," akasema. "Niliambiwa mashine itakumbuka."

Asilimia moja ikavua kandambili mlangoni,
ikaketi kwenye benchi langu,
ikaniuliza kama isubiri.