Subiri Taa Izime

Usiichomoe bado, Lado. Taa ingali inapepesa.
Najua ni saa tano na robo,
najua ofisi ya idara hufungwa saa sita,
najua kurasa mia na kumi na mbili za ugonjwa wa mizabibu
hazijawahi kumsubiri mtu. Subiri wewe.
Umesahihisha jalada, acha lihifadhiwe.
Kisha bonyeza pale pembeni, iage kompyuta,
ikuitikie, ndipo uvute.
Polepole. Hung'oi jino.

Mimi Nanuli nachapa karatasi katika mtaa huu wa Kutaisi
tangu paa likivujia wino,
na kopo hili la biskuti unaloliona
limejaa flashi za watu walioondoka na haraka zao:
ya mpira, ya chuma, yenye umbo la samaki,
moja imetafunwa na mbwa,
moja imefuliwa mara mbili mfukoni mwa suruali
na bado inafunguka, ila usijenge imani juu ya hiyo.
Hakuna iliyoandikwa jina. Hata namba ya simu!
Gundi na kijikaratasi, bei gani?
Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hii nyeusi niliiokota ngazini, Jumanne.
Nzuri, mpya, inanitazama.
Sijaichomeka popote, wala sitaichomeka.
Kidude kisicho na mwenyewe
huenda kina wenyewe wengi ndani,
wamejikunyata gizani
wakingoja uwafungulie mlango.
Avtandil wa duka la vifungo alifurahia cha bure:
wiki nzima aliandika risiti kwa kalamu.

Ya kijani iliachwa kwenye mashine yangu.
Faili la kwanza: majibu ya hospitali,
jina kamili la mama mmoja, na titi lipi.
Nililifunga kama mtu aliyekosea mlango wa bafu.
Weka nywila, mwanangu. Fumba maandishi yako
asiyehusika aone mchanga mtupu.
Na nywila usiibandike mgongoni mwa flashi:
huko ni kufunga nyumba
ukaacha ufunguo unaning'inia kwenye kitasa.

Unajiuliza kwa nini nafoka.

Kaka yangu Gocha aliimba sauti ya chini,
ile ambayo wengine huiegemea.
Usiku wa mavuno nilimrekodi kwa simu mpaka jogoo wa kwanza,
nikahamishia kwenye flashi,
nikafuta simuni nipate nafasi.
Nakala moja. Ya pili nitatoa kesho, nikasema.
Alifariki Februari.
Machi niliichomoa taa ikipepesa,
kwa sababu kulikuwa na mteja mwenye haraka,
mteja kama wewe.

Fundi mmoja wa Tbilisi, mwenye miwani ya sonara,
aliipasua akanirudishia sekunde kumi na moja:
Gocha anakohoa, anasafisha koo,
anamwambia mtu asogeze jagi.
Basi.

Sasa sekunde hizo zinakaa mahali patatu:
droo hii, kompyuta ile,
na Batumi kwa dada yangu Mzevinar, ndani ya kopo la majani ya chai,
maana moto ukizuka dukani
hautakata tiketi ya treni kumfuata.
Kila vuli tunazifungua tusikilize kama zingali hai.
Flashi iliyotupwa kabatini miaka na miaka
husahau kidogo kidogo,
kama mtu asiyeulizwa hali.

Haya, imezima. Vuta.
Funika kichwa chake. Si mfuko huo,
huo una funguo na makombo ya mkate.
Mfuko wa ndani, wenye zipu.
Umeona? Nusu dakika tu—

Ameshashuka, ngazi mbili mbili, akinishukuru kwa sauti.
Mezani kwangu
kurasa mia na kumi na mbili
zingali na joto.