Kutafuta Kiima

Jumanne usiku, maktaba ya Lochee, chumba cha chini,
kipasha joto kinakwaruza kama paka mlangoni.
Mwalimu Ishbel Rennie hatumii kalamu nyekundu.
Ana penseli ya kijani, fupi kama kidole gumba,
na swali moja: nani?

Nimeweka mezani barua ya idara ya nyumba.
"Imeamuliwa kwamba ukarabati uahirishwe.
Usumbufu uliojitokeza unajutiwa."
Kiingereza kilichopigwa pasi, hakina hata mkunjo.
Panya naye huuma hivyohivyo, huku akipuliza.

"Tafuta kiima, Kerr."
Natafuta. Nageuza karatasi.
Kitenzi kipo, kimekaa peke yake
kama koti juu ya kiti, mwenyewe katoka.
Nani aliyeamua? Nani anayejuta?
Jengo zima la ghorofa tisa
na hakuna anayefanya lolote,
mambo yanafanywa tu.

Miaka thelathini na mmoja nimelehemu mabomba.
Kiungo kibovu nakijua hata kikipakwa rangi.
Kwa hiyo aliponionyesha rasimu yangu sikubisha:
sentensi mbili nzima nimezishikisha kwa mkato,
na mkato ni gundi ya karatasi, haubebi chuma.
"Weka nukta hapo. Nukta haijaua mtu."

Pembeni yangu Jadwiga anahangaika
na vile vineno viwili vya kutangulia majina,
kimoja cha mbwa yeyote,
kingine cha mbwa tunayemjua.
Kwao Poland havipo.
"Mna hofu gani," ananiuliza,
"mpaka mbwa mmoja mumtambulishe mara mbili?"
Sina jibu. Nilizaliwa navyo mdomoni.

Nilikuwa nimeanza na mistari sita ya heshima na taadhima,
napenda kuchukua fursa hii, na kadhalika.
Ishbel akaipitishia kijani yote.
"Msomaji ana barua arobaini kabla ya chai."
Nikafuta "kwa kweli". Nikafuta "sana" nne.
Ya tano niliililia kidogo, nayo ikaenda.

Saa mbili na nusu kikabaki hiki:

Mama yangu ana miaka themanini na mitatu.
Kuvu imefunika ukuta wa chumba chake.
Niliwaandikia mwezi Machi. Hamkuja.
Anakohoa.

Penseli ya kijani ilifika kwenye neno la mwisho,
ikaning'inia,
ikalazwa mezani bila kugusa karatasi.
Jadwiga akanisogezea biskuti.

Jibu limekuja leo, bahasha ya kahawia.
"Barua yako imepokelewa."
Basi.
Nimekizungushia kitenzi duara,
na pembeni, kwa mwandiko wangu wa kuku,
nimeandika: Na nani?

Halafu nikavaa koti.