Dirisha la Vilivyopotea

Kichupa ni kifupi kuliko kidole gumba.
Bi Leontina, mwenye duka, alinionya:
"Hii haipendwi siku ya kwanza."
Nikalipa. Nina miaka hamsini na minane,
siku za kwanza nimeshazimaliza.

Tone moja nyuma ya sikio,
jingine pale daktari anapohesabia mapigo.
Mwanzo, chokoleti.
Si ile ya sikukuu, ya karatasi za dhahabu;
hii ni kakao iliyokataa sukari,
unga mkavu uliosalia kinuni
wafanyakazi walipokwenda zao.
Halafu, kama mgeni asiyebisha hodi,
mbao.
Maranda ya mwerezi. Penseli iliyochongwa mno.
Mtoto wa meza aliyevutwa baada ya miaka
akatoka na kilio chake.

Torino, Desemba. Ukungu umetoka mtoni
ukapanda nasi tramu ya saa moja.
Msichana mwenye fidla mgongoni akageuka,
akanitazama, kisha akalikagua begi lake
kana kwamba ala yake ndiyo iliyosema.
Bwana mmoja akafungua dirisha,
baridi yote ile.

Kati ya kunuka na kunukia
kuna silabi moja tu.
Siku nzima nilining'inia juu yake.

Kazini kwetu huletwa kila kinachosahauliwa tramuni:
miavuli, glavu za mkono mmoja,
meno ya bandia yanayocheka peke yao ndani ya bahasha.
Ilario akainua pua: "Nani kaleta keki?"
Saa moja baadaye: "Nani anachoma kabati?"
Nikagonga muhuri wangu, kimya.
Waliosema kizuri chajiuza
hawakuwahi kuuza kitu kama hiki.

Adhuhuri chokoleti ilikuwa imeshaondoka,
wala sikuisikia ikiaga.
Ikabaki mbao, na chini ya mbao moshi kidogo,
na chini ya moshi, ngozi yangu,
ambayo tangu Ezio ahame
ilijua sabuni ya ofisi tu.
Niliunusa mkono wangu chini ya kaunta,
mara nne, mara tano,
kama mwizi anayehesabu alichoiba.

Jioni nikasahau skafu kwenye kiti cha tramu.
Mimi! Miaka ishirini na sita
nikiwahubiria watu waangalie nyuma kabla ya kushuka.

Kesho yake nikasimama upande wa pili wa dirisha langu.
Ilario akavaa miwani, akavuta fomu
kwa uzito wote wa serikali.
"Rangi?"
"Kijivu."
"Za kijivu ziko kumi na moja. Alama nyingine?"
Haina lebo, haina ua, haina hata tobo.
Nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa.
"Chokoleti iliyogoma kuwa tamu," nikasema.
"Na mbao."

Hakucheka. Akaandika polepole,
herufi kubwa kubwa, mpaka ukingo wa mstari,
akaingia ndani.
Nilimsikia akinusa,
kijivu baada ya kijivu,
pumzi fupi, pumzi fupi,
kisha moja ndefu
ambayo haikuwa ya kazi.

Akanikabidhi imekunjwa vizuri.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
na kumbe kikutambulishacho pia kimo humo humo,
kinasubiri mtu wa kukiinamia.

Lakini usiku ule skafu ililala
sandukuni na vitu vya watu.
Wiki nzima sasa wanakuja:
fundi bomba na glavu yake,
mama wa mapacha na kofia mbili,
mhasibu na mwavuli wa mpini wa mcheri.
Wanapokea, wanasita,
wanapeleka kitu puani,
wananiuliza kwa sauti ya chini:
"Una hakika hiki ni changu?"

Ni chako, nawaambia.
Weka saini hapa.