Chotara wa Jumba Namba Tisa

Siku ya kumi na sita, na hajala.
Mdomo kaufumba, kidevu kimemvimba
kama mtoto aliyeficha halua.

Umeme ukikatika Michenzani
pampu hunyamaza.
Mize na mimi twateka maji kwa kikombe,
twamimina, twateka, twamimina,
hadi taa za ngazini ziwake.

Baba mtu asili yake ziwa jingine:
buluu, mkorofi, mla mapezi ya wenziwe.
Mama wa manjano, nilimnunua Darajani
ndani ya mfuko wa nailoni.
Nani aliwaozesha? Tangi dogo tu.

Shaame, mnunuzi, kainamia kioo:
"Hawa hawana kabila. Watupe.
Nani atanunua samaki asiye na jina?"

Nikamwuliza yeye, babu zake wa wapi.
Akahesabu kwa vidole: Ngazija, Hadhramaut, Makunduchi,
kisha akaomba chai.

Alfajiri ya kumi na tisa kafumbua.
Thelathini na mmoja,
wadogo kuliko punje ya mchele,
rangi bado hawana.
Mama kakonda, kichwa kikubwa kuliko mwili,
anawalinda hata na kidole changu.

Mize kabandika karatasi kiooni: HAWAUZWI.
Nimeiacha.
Ila kodi ni Ijumaa.