Tembe

Walikuwa arobaini. Kicheche alichukua mmoja
usiku ule umeme ulipokatika Hombolo nzima.
Waliobaki wana wiki kumi na nne,
vilemba bado rangi ya ufizi wa mtoto.

Kuku wa umri huu huitwa tembe,
kama nyumba ya bibi kule Msanga, paa bapa, udongo juu ya fito,
kama kidonge changu cha presha kila usiku.
Zote tatu zimenifunza kungoja.

Nachanganya juu ya turubai, kwa koleo:
pumba za mahindi madebe mawili, mtama uliopaazwa,
mashudu ya alizeti kutoka mashine ya Chidawali
(yananukia hata mate yananijaa),
dagaa wa Mwanza, waliosafiri kuliko mimi,
chumvi kiganja kimoja, kiganja changu, si chako.
Jioni majani ya mlonge, nayaning'iniza wayarukie.

Chokaa? Ngoja kwanza.
Gunia lake limesimama pembeni
kama mgeni aliyewahi harusi.

Shemeji Malogo kaegemea mlango wa banda:
"Wape cha kutagia sasa. Kikundi kinataka rejesho mwezi wa tano."
Namwambia chokaa ya mapema hulipwa na figo.
Anacheka. Kuku na figo!

Niliwahi kufuga kwa pupa.
Mayai yalikuja, ndiyo, madogo kama ya njiwa,
na uzi wa damu kwenye ganda.
Mmoja alitokwa na nyama nyuma,
wenzake wakamdonoa mpaka akanyamaza.

Na mimi, mwaka wa njaa, ng'ombe saba,
mifupa yangu ingali mibichi.
Wa kwanza tulimzika nyuma ya zizi.
Haya Malogo simwambii.
Namwambia, "Wiki nne."

Jumamosi binti yangu Ndahani anawapima
kwa mizani ya ndoano tuliyoazima buchani,
miguu imefungwa kipande cha kanga, vichwa chini, wanashangaa.
Anaandika nyuma ya daftari la hisabati:
gramu elfu moja mia moja hamsini,
elfu moja mia mbili na kumi,
mia tisa themanini.
"Huyu, mama, wenzake wanamfukuza chomboni."

Tunamtenga, na kopo lake.
Upepo unapeperusha pumba, unatutia machoni.
Yeye anadonoa, anainua shingo, anameza,
anadonoa tena,
taratibu,
kama asiyedaiwa.