Ngumi ya Udongo Mwekundu

Saa nne mpaka saa nane, maji ni yangu.
Saa nane na dakika moja, ni ya Razafy.
Hivyo tulikubaliana, kaya kumi na moja za bonde hili chini ya Betafo,
mwaka ule kijito kilipopungua
hata vyura wakahamia kwenye ndoo.

Nilitoboa mwanzi kwa msumari wa moto,
nikauzika nusu katikati ya jaruba.
Kila asubuhi nachungulia humo:
maji yakishuka zaidi ya kiganja, nafungua mlango wa tope;
yasipofika huko, naiacha ardhi ipasuke,
nawaacha majirani waseme.

Mwaka wa kwanza walisema kweli.
Mpunga ulisimama kama watoto waliokatazwa kucheza,
kijani kizito, kijani cha chupa,
shina moja, mawili, bila wadogo zake.
Ulichelewa. Baridi ya Aprili ikaukuta na mimba changa.
Nikavuna masuke meupe, mepesi kama ahadi ya mdaiwa.
Solofo, mume wangu, aliyatazama magunia: matatu.
"Umegawa maji," alisema. "Sasa gawa na njaa."

Sikumjibu. Nilichimba.
Nilimega bonge nikalivunja:
jekundu nje, jekundu ndani, kutu tupu,
kama sufuria aliyotuachia mama yake.
Wanasema udongo wetu ni maskini,
na mkono mtupu haulambwi.
Lakini huu si mkono mtupu. Huu ni mkono wa birika.
Fosforasi imo, chuma kimeikumbatia;
maji yakisimama siku nyingi, kidole kimoja hulegea,
ukiukausha, unafumba ngumi.
Basi nilichookoa mferejini
ndicho nilichokifungia shambani.
Nilikaa na hesabu hiyo kipupwe kizima.

Novemba nikauza bata wawili,
nikanunua mbolea ya fosfeti, kilo nne.
Muuzaji akacheka: "Shamba lako ni sahani?"

Sikuimwaga. Kuimwaga ni kumpa bahili akuwekee.
Niliikoroga na tope katika beseni la kufulia,
uji mzito usionyweka,
nikang'oa miche kitaluni, nikaichovya mizizi
nusu saa, isizidi, isije ikaungua.
Binti yangu Hanitra alikaa na saa ya baba yake mkononi,
mkali kama karani.
Kisha tukapandikiza,
kila mche na masurufu yake miguuni,
kama mtoto anayetumwa mbali
na kipande cha muhogo mfukoni.

Leo ni Februari. Mwanzi ulikauka tangu Jumanne.
Naingiza kidole kwenye ufa: chini kuna ubaridi, kuna unyevu.
Nashika shina na wadogo zake, nahesabu. Kumi na mawili.
Nahesabu tena. Kumi na matatu.
Solofo anahesabu upande ule wa tuta,
haniambii amefika ngapi,
lakini naiona midomo yake.

Saa nane na dakika moja.
Naziba tope kwa unyayo.
Huko chini mlango wa Razafy unakohoa, unabubujika,
na bata wake,
wale wawili niliomuuzia,
wanaingia jarubani kabla ya maji.