Bei ya Meno

Mwanjelwa, saa mbili asubuhi, baridi ya Juni inang'ata,
na mimi nina laki nne na nusu kwenye fundo la kanga.
Tumwene wa duka akanionyesha matairi ya upande huu,
yenye jina nililolijua tangu baba akiendesha roli la majani ya chai:
laki mbili na kumi, moja.
Akanionyesha ya upande ule,
jina refu, gumu kutamka, kama limeandikwa na mtu mwenye haraka:
laki moja na kumi.
"Yote meusi," akasema. "Yote duara."
Hakunidanganya.

Nilinunua manne. Ilibaki elfu kumi,
nikanywa chai kwa chapati mbili, nikajiona nina akili.

Sekela, fundi wa pancha pale Uyole njia panda,
binti mwenye mikono myeusi hadi viwikoni,
aliyafunga bila neno. Kisha akabonyeza ukucha kwenye meno ya tairi
kama mtu anayepima parachichi,
ukucha ukazama.
"Mama Lugano, haya kiangazi yatakutii.
Masika usiyaamini."

Lakini nani alikuwa na laki nane na arobaini?
Watu husema niliokoa laki nne.
Laki nne hizo sikuwahi kuwa nazo;
unamwokoaje ambaye hakuingia majini?
Nilichokuwa nacho ni nguruwe mwenye mimba,
na kama ningetaka yale ya jina la baba
ningemuuza.
Sikumuuza. Alizaa tisa, wanane wakaishi,
na Januari Lugano akaenda bweni, kidato cha kwanza,
na godoro ambalo hakuna aliyelilalia kabla yake.

Basi kirikuu ikapanda Isyonje, ikashuka na viazi,
Julai, Agosti, Septemba, vumbi tu,
na matairi yakatii.

Mwezi wa tatu, ukungu umelala barabarani kama ng'ombe,
Asanga mdogo wangu anashuka na magunia sita
na la saba la kujipendekeza.
Kwenye kona ya mikaratusi akakanyaga breki.
Breki zilikubali. Magurudumu yalikubali, yakaacha kuzunguka.
Barabara ndiyo iliyokataa.
Anasema hakukuwa na kelele, na hicho ndicho kilichomtisha:
gari lilikwenda kimya, kama sahani kwenye meza yenye maji,
likajilaza mtaroni taratibu,
na viazi vikaendelea na safari bila dereva,
vikiruka juu ya lami,
watoto wa shule wakivikimbiza na kucheka.

Asanga alitoka na mkwaruzo wa kidole.
Kidole. Nilipiga magoti kwenye tope palepale
nikakihesabu hicho kidole mara kumi.
Tangu siku hiyo, akiikaribia kona ile, anazima redio.
Hiyo niiandike safu ipi ya daftari?

Mnaniuliza kama yanalipa.
Ukiwa Igurusi, kwenye tambarare ya mpunga,
barabara imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo,
nunua, usinisikilize.
Hapa kwetu kila kilomita ama unapanda ama unaomba.

Kufika Mei yalikuwa vipara, yote manne.
Nimenunua mawili ya jina la baba; mawili mengine, Mungu atajua.
Sekela alitaka mazuri yakae nyuma, Asanga mbele,
tukabishana hadi chai ikapoa.
Ya zamani nilimpelekea fundi wa Igawilo, akayakata katambuga.
Navaa jozi moja shambani, nashuka nayo mteremko wa viazi
na kijiti mkononi.
Zinanitii vizuri sana.
Ni Agosti bado.